Uzi: Fidla iliyovunjwavunjwa na msumari mmoja uliobaki mzima (Georges Braque, 1909)

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi rangi, mwaka wa kumi na saba sasa. Kuta napaka, ila kinachonilisha hasa ni milango. Naletewa mlango wa bati, au wa mbao za bei chee, naupaka mpaka mwenye nyumba anawaapia wageni kwamba ni mninga. Chini naweka rangi ya chai ya maziwa. Ikikauka napitisha kahawia nyepesi, na kabla haijashika navuta chanuo. Mishipa ya mbao inatokea yenyewe, na pale mkono unapotikisika kidogo ndipo linapopatikana jicho la ubao. Natanguliza haya ili mjue kwa nini mchoro wa Mfaransa aliyekufa mwaka 1963 umeninyima usingizi wiki mbili.

Nilikuwa natafuta kwenye simu sampuli za mishipa ya mbao. Nikakutana na jina Georges Braque. Amezaliwa 1882 Argenteuil, amekulia Le Havre, mji wa bandari. Baba yake fundi rangi za nyumba, babu yake fundi rangi za nyumba, na yeye akapitishwa kwenye ufundi huohuo: kuiga mbao, kuiga marumaru, kuandika herufi za mabango. Yaani mwenzangu kabisa. Halafu nasoma mbele naambiwa huyu na Picasso ndio wawili waliopindua uchoraji wa karne ya 20.

Mchoro wenyewe tunaweza kuuita "Fidla na Kibao cha Rangi". Ni rangi ya mafuta juu ya turubai, wa mwaka 1909, na tangu 1954 uko makumbusho ya Guggenheim, New York. Urefu sentimita 91.7, upana 42.8. Kwa mafundi wenzangu: huo ni karibu mlango mmoja wa kabati la jikoni. Chini kuna fidla imesimama wima. Juu yake karatasi za noti za muziki. Kulia pazia la kijani. Juu kabisa kimetundikwa kibao cha kuchanganyia rangi.

Lakini fidla yenyewe haikukaa kama fidla. Imekatwakatwa vipande kama kioo kilichoanguka, na kila kipande kinashika mwanga wake. Huwezi kusema hapa ubao umeisha na hapa hewa imeanza. Karatasi za noti nazo zinapepesuka hivyohivyo. Rangi ni kahawia, kijivu na kijani iliyofifia, kama ukuta wa jiko la mkaa.

Nitaendelea, naitwa kazini.

#2

Mkuu nimeutafuta huo mchoro kabla sijachangia. Hiyo siyo fidla, hiyo ni ajali ya bodaboda. Mwanangu yuko chekechea anachora kitu kinachoeleweka kuliko hicho. Hawa Wazungu wanatuona mazezeta.

#3

Naweka kigoda hapa. Mleta uzi usipotee kama wale wa "nitaendelea" halafu wanarudi mwakani.

#4 – Mleta uzi

Nimerudi, sikwenda mbali.

Mkuu #2, sikulaumu, hata mimi nilianza hapo. Ila fanya kitu kimoja. Fungua tena picha, uivute pale juu kabisa, kwenye kile kibao cha rangi. Kimetundikwa kwenye nini?

#5

Msumari?

#6 – Mleta uzi

Ahsante #5. Msumari. Na siyo msumari uliovunjwa vipande kama fidla. Ni msumari mzima, umetoka ukutani, na una kivuli. Ukiutazama bila kujiandaa mkono unataka kwenda kuugusa. Kwenye mchoro mzima hicho ndicho kitu kimoja tu kilichochorwa kwa ule ujanja wa zamani, ujanja wa kulidanganya jicho.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Kwetu sisi, msumari wenye kivuli ndio mtihani wa fundi. Mwanafunzi anaweza kukupakia ukuta ukakaa sawa, ila mwambie achore msumari utoke ukutani uone jasho lake. Braque alikuwa na mtihani huo mkononi tangu ujana. Kwa hiyo fidla haikumshinda. Aliivunja makusudi, na akaacha msumari pale juu kama anayekwambia: usidhani sijui.

Wataalamu wanaueleza kwa namna nyingine. Tangu Waitaliano wa karne ya 15 wapange kanuni za kuchora umbali, mchoro ulihesabiwa kuwa dirisha. Mtazamaji anasimama sehemu moja, jicho moja halitikisiki, na mistari yote inakwenda kukutana nukta moja huko mbali. Miaka mia tano watu walichora hivyo. Braque anaweka njia mbili kwenye turubai moja. Juu msumari wa dirishani, chini fidla iliyokataa dirisha. Ukizilinganisha hapohapo, msumari ndio unaoonekana wa uongo. Ule umahiri wote, na bado ni rangi tu.

Mimi bado nashikilia kwamba ni saini ya fundi. Ila na hiyo yao naikubali.

#7

Mleta uzi unaandika vizuri lakini kuna mambo nataka kuyaweka sawa, mimi nimefundisha sanaa kwa muda kidogo.

Kwanza, Braque hakuanza na fidla hii. Mwaka 1908 alishachora vyombo vya muziki vimelala pamoja mezani, na mwenyewe baadaye aliuhesabu mchoro ule kuwa wa kwanza wake wa Kubizimu ya kweli, yaani mtindo huu wa kuvunja vitu vipande. Pili, jina "Kubizimu" halikutoka kwa wachoraji. Mwaka huohuo wa 1908 aliwasilisha michoro ya mandhari ya L'Estaque, kusini mwa Ufaransa, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, majaji wakaikataa, na mchoraji Matisse alikuwa mmoja wa majaji. Mfanyabiashara wa sanaa kijana, Daniel-Henry Kahnweiler, akaionyesha kwenye duka lake mwezi Novemba. Mhakiki Louis Vauxcelles akaandika gazetini kwamba jamaa anapunguza kila kitu kuwa miche mraba, kwa Kifaransa "cubes". Ilikuwa kejeli. Jina likaganda.

Tatu, na hili ndilo linalonikera kila mara: msiwafundishe watu kwamba Kubizimu ni "kuonyesha pande zote za kitu kwa mara moja". Mmeikariri wote. Haya, nionyesheni mgongo wa fidla kwenye mchoro huu. Mimi siuoni. Naona uso wake, matundu yake mawili yenye umbo la herufi f, nyuzi, shingo. Kilichovunjika ni mpaka kati ya fidla na kile kinachoizunguka. Nafasi tupu baina ya fidla na ukuta nayo imepewa ubavu na uzito, kana kwamba nayo ni ubao. Braque alikuwa akisema anataka nafasi inayoweza kuguswa. Chanzo chake kikubwa ni mchoraji Cézanne, aliyekufa 1906, na maonyesho yake ya kumbukumbu ya 1907 yaliwatikisa vijana wote wa Paris.

#8 – Mleta uzi

Mwalimu, nimepokea. Hilo la pande zote nilikuwa nimeshaliandika kwenye muendelezo, nimelifuta.

#9

Sasa swali la mshamba. Kwa nini fidla? Kwa nini siyo kuku, au mtungi? Nimetazama michoro yao, ni gitaa, mandolini, fidla, klarineti, gitaa tena. Walikuwa na bendi?

#10 – Mleta uzi

Picasso hakuwa mtu wa noti. Braque ndiye aliyekuwa mwanamuziki. Alijifunza filimbi kwa Gaston Dufy, ndugu wa mchoraji Raoul Dufy, fidla alicheza, na ipo picha ya karibu na 1911 amekaa studio na akodiani mikononi. Vyombo vilikuwa vimetundikwa ukutani kwake. Alimpenda mtunzi wa muziki Bach mpaka akamchorea mchoro wenye jina lake, na mwaka 1912 akachora fidla pamoja na bango la onyesho, humo yamo majina Mozart na Kubelick. Jan Kubelík alikuwa mpiga fidla maarufu wa Kicheki. Kwa hiyo jibu fupi la Braque mwenyewe ni kwamba vyombo alikuwa navyo chumbani.

Jibu refu: alisema pia kwamba chombo cha muziki kina jambo ambalo kitu kingine mezani hakina, ukikigusa kinapata uhai. Tunda ukiligusa linabaki tunda.

#11

Assalam alaykum. Mimi nimepiga fidla kwenye taarab hapa Unguja toka ujana wangu, sasa vidole vimeanza kugoma. Wajukuu ndio walionionyesha uzi huu.

Sijui mambo ya Kubizimu. Lakini picha hii nimeitazama sana tangu jana, na nataka kukwambieni kitu. Nyie mnaitazama fidla kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mbele. Mpigaji haioni hivyo. Mimi fidla yangu nzima naiona ikiwa sandukuni tu. Ikishapanda begani, karibu na jicho pana nyuzi na kile kijiti kinachozinyanyua, pana pana, kama ziko puani. Shingo inakimbia inakwenda kuwa nyembamba kule mbali, na kichwa kilichojikunja kama konokono kiko peke yake, kama cha fidla ya mtu mwengine. Tumbo lake silioni, nalijua kwa kidevu. Mgongo wake naujua kwa bega, unatetema.

Na jengine. Gitaa lina vyuma shingoni vinavyokwambia weka kidole hapa. Fidla haina. Shingo yake ni laini mwanzo mpaka mwisho, kidole kinajitafutia chenyewe gizani, na ukikosea kwa upana wa unywele ukumbi mzima umesikia. Kwa hiyo fidla unaijua kwa vipande, na kila kipande unakijua kwa mahali pengine pa mwili. Huyu bwana kaichora sawasawa. Mimi hainishangazi kuwa alikuwa mpigaji.

#12

Shikamoo mzee wetu. Nimesoma mara tatu.

#13 – Mleta uzi

Shikamoo mzee. Nimefungua picha tena baada ya kusoma maneno yako na nimeiona upya. Mwalimu #7 katumia neno "kuguswa", Braque katumia neno hilo, na wewe umelileta kutoka begani mwako bila kusoma kitabu chochote. Naomba wenye haraka ya kusema "ajali ya bodaboda" wamsome mzee kwanza.

#14

Marahaba wanangu. Ila pazia lile la kijani silipendi, limekaa kama la hospitali.

#15

Hahaha mzee!

#16

Nimefuatilia kimya kimya, sasa naomba kugusa panapouma. Mnazungumza Bach, Cézanne, Waitaliano. Afrika iko wapi? Kila anayejua habari hizi anajua walichukua kwetu.

#17

#16 umeuliza vizuri, na kuna jibu lenye ushahidi kuliko lile la jumla la "walituibia".

Agosti 1912 Picasso na Braque walikwenda Marseille, na Picasso akanunua vinyago vya Kiafrika. Kimojawapo kinatoka upande wa Côte d'Ivoire na Liberia, cha aina inayoitwa Grebo. Angalia macho yake. Hayakuchimbwa ndani ya uso, yamechomoza mbele kama vipande viwili vya bomba. Mchongaji yule alikuwa anajua jambo ambalo chuo chochote cha Ulaya kilikuwa hakijui: jicho halilazimiki kufanana na jicho. Weka bomba mahali pake, mtazamaji atalisoma kuwa jicho.

Miezi michache baadaye Picasso anatengeneza gitaa kwa kadibodi na kamba, na 1914 analirudia kwa bati na waya. Yote mawili yako Museum of Modern Art, New York. Tundu la gitaa la kweli limezama ndani. Kwenye gitaa la Picasso tundu limechomoza, ni bomba. Kahnweiler, aliyekuwa akiuza kazi zao na kuwajua kwa karibu, ndiye aliyeandika kwamba gitaa lile linatoka kwenye kinyago kile. Na kabla ya hapo sanamu Ulaya ilichongwa au ilifinyangwa, haikuungwaungwa kwa bati kama ndoo. Sehemu kubwa ya sanamu za karne ya 20 imepita kwenye tundu lile.

Jina la Kahnweiler tunalo. La mchongaji hatuna, na aliyemuuzia kinyago muuzaji wa Marseille hakuona haja ya kuliandika. Hilo ndilo linaloniuma mimi, kuliko suala la nani aliiga nani. Wachoraji wote duniani huiga.

#18

Umetenda haki #17. Nimeridhika nusu.

#19 – Mleta uzi

Hiyo nusu iliyobaki nami ninayo.

Niendelee na fundi mwenzangu, maana mwisho wa habari yake ndio umenipa furaha zaidi. Kati ya 1909 na 1911 yeye na Picasso walivunja vitu mpaka vikaanza kupotea kabisa. Walikuwa wanatembeleana karibu kila siku, na kuna kipindi walisaini nyuma ya turubai ili mbele pasijulikane nani kachora nini. Braque alisema baadaye walikuwa kama wapanda mlima wawili waliofungwa kamba moja. Majira ya joto ya 1911 wako Céret, kusini mwa Ufaransa, na ukiweka kazi zao mbili za pale pamoja unaweza kubishana usiku kucha ipi ya nani.

Sasa hatari ikawa hii: mchoro ukigeuka ukungu wa kahawia, mtazamaji atashika wapi? Hapo ndipo ufundi wa mtaani ukarudi. 1911 Braque anachukua stensili za mabango, zilezile za kuandikia majina ya maduka, anapiga herufi juu ya mchoro wa mwanamume mwenye gitaa. Kisha akamfundisha Picasso kutumia chanuo la kuigia mbao. Chanuo langu, wakuu! Picasso naye kwa utundu wake akalitumia kuchora nywele na masharubu ya mtu.

Halafu Septemba 1912, wako Sorgues, karibu na mji wa Avignon, Braque anaona Avignon duka linauza karatasi ya ukutani iliyochapwa mishipa ya mbao. Anasubiri Picasso asafiri kwenda Paris, anarudi kuinunua, anaikata na kuibandika kwenye mchoro wake. Hakuchora mbao wala hakuleta mbao. Alibandika uongo uliotengenezwa kiwandani. Mtu aliyetumia ujana wake kujifunza kuiga mbao kwa mkono! Sijui alijisikiaje siku ile. Mimi nikiona stika za mbao zinazouzwa siku hizi kwa mita moyo unanikaa vibaya. Yeye alizigeuza kuwa fidla na magitaa, moja baada ya nyingine.

#20

Kwa hiyo wakatajirika?

#21

Walitajirika baadaye. Kwanza vita. Agosti 1914 Braque aliitwa jeshini, Picasso alimsindikiza stesheni Avignon, na ushirikiano ule ukaishia hapo. Mwaka 1915 Braque alijeruhiwa kichwani vibaya, fuvu likatobolewa kwa upasuaji, na hakurudi kushika brashi kwa muda mrefu. Kahnweiler alikuwa Mjerumani, kwa hiyo serikali ya Ufaransa ikataifisha mali yake yote kama mali ya adui, mamia ya michoro, ikaipiga mnada kwa awamu nne kati ya 1921 na 1923. Bei zikaanguka. Mtaalamu aliyewekwa kukadiria bei alikuwa Léonce Rosenberg, naye ni muuza sanaa vilevile. Braque alimkuta mnadani akamchapa ngumi.

#22

Huyo Braque nimeanza kumpenda.

#23

Narudi mimi wa bodaboda. Nimesoma yote. Mzee wa Unguja kanimaliza, sina ubishi. Lakini lile la msumari kuwa mtihani wa fundi sikuliamini, nikasema huyu anajipandisha chati. Jana usiku nimechukua penseli ya mtoto na kalamu nyeusi, nikachora msumari ukutani nyuma ya mlango wa chumba. Nimerudia mara nne. Huo wa nne mke wangu kaupiga kandambili akidhani ni mende.

#24 – Mleta uzi

Kivuli umekiweka upande wa dirisha au upande wa pili?